Likizo, Ruhusa na Usuluhishi: Uhakiki wa Istilahi za Migogoro ya Kazi

Utangulizi

Istilahi hupimwa mahali inapotumika, wala haipimwi katika orodha inamochapwa. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache zitumikazo katika migogoro ya likizo, nazo ni likizo, ruhusa, ndugu, usuluhishi, uamuzi na tuzo. Tutaziteremsha kutoka katika vitabu vya sheria tuone zinafanya kazi gani katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro.

Same yafaa kwa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wengi wa wilaya hiyo wana nyumba zao juu milimani, Mbaga, Chome, Vudee na Suji, bali ajira nyingi ziko chini tambarare, katika mashamba ya mkonge, machimbo ya jasi ya Makanya, na maduka na nyumba za wageni kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Kwa mfanyakazi wa namna hiyo likizo ni zaidi ya mapumziko. Ndiyo njia yake ya kupanda nyumbani kulima, kuuguza na kuzika. Pili, ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayohudumia mkoa iko Moshi, kilomita zipatazo 100 kutoka mjini Same. Mtu akilielewa neno vibaya, hulipia kosa hilo kwa nauli na kwa siku za kazi.

Watani wa Wapare husema kwamba Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Utani ni utani, na Wapare wenyewe huucheka. Lakini tukiutazama kwa makini tutaona kwamba mtu wa namna hiyo hagombei kuku. Anagombea neno alilopewa lisigeuzwe. Basi hoja ya makala haya ni kwamba mgogoro wa likizo utamalizika mapema, kabla ya kufika mbele ya sheria, pale tu pande mbili zitakapokuwa na maneno yenye maana moja. Hivi sasa hazinayo.

Likizo na Ruhusa

Tuanze na mgogoro wenyewe. Kamusi za zamani zinatuonyesha kitenzi -likiza, chenye maana ya kumwachia mtu aondoke kazini, na pia ya kumwachisha mtoto ziwa. Hapo ndipo lilipotoka neno likizo. Ruhusa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kibali atoacho mwenye mamlaka. Tofauti yao ni kubwa. Likizo ni haki ya mfanyakazi, nayo humstahilia kwa kuwa amefanya kazi. Ruhusa ni hisani ya mwajiri, naye aweza kuitoa au kuizuia. Mwajiri hupanga siku ya kuanza likizo, lakini hawezi kuifuta.

Katika mazungumzo ya kazini tofauti hiyo imepotea. Mfanyakazi husema "naomba ruhusa" awapo na maana ya likizo ya mwaka, awapo na maana ya kwenda msibani, na awapo na maana ya kutoka mchana mmoja kwenda benki. Wengine husema "livu" kwa likizo ya mwaka, "ofu" kwa siku ya mapumziko ya juma, na "idii" kwa cheti cha mganga kinachompumzisha mgonjwa. Maneno haya ya mitaani tusiyadharau. Yana faida moja ambayo istilahi sanifu haijaifikia, kwani kila moja lina maana yake na wafanyakazi hawayachanganyi. Kinachochanganya mambo ni hilo neno ruhusa, ambalo limepewa mizigo yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo wa miezi 12. Neno "mfululizo" lina uzito wake. Jumapili na sikukuu zilizoangukia humo zimo ndani ya hesabu. Mfanyakazi ahesabuye siku za kazi peke yake atarudi kazini baada ya juma la tano au la sita, naye atahesabiwa mtoro. Sheria iliyotungwa kwa lugha ya kigeni ilimhitaji mtu wa kumwambia neno hilo moja, na mara nyingi mtu huyo hakuwapo.

Zito zaidi ni kifungu cha 31 cha sheria hiyo kama ilivyotungwa mwaka 2004. Kinasema kwamba siku za likizo ya mwaka zaweza kupunguzwa kwa idadi ya siku ambazo mfanyakazi mwenyewe aliziomba, mwajiri akampa, naye akalipwa. Siku hizo ndizo hasa za kuitwa ruhusa. Kwa upande mwingine, kifungu cha 34 kinampa mfanyakazi siku nne zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa kifo cha mwenzi wake wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Hizi ni likizo kwa haki yake, nazo zimewekewa kifungu chake na hesabu yake. Hazina sababu ya kuingia katika zile 28.

Sasa tumchukue, kwa mfano, mkata mkonge aliyefiwa na babu yake huko Chome. Anamwendea msimamizi na kusema, "Naomba ruhusa, nimefiwa." Msimamizi anaandika katika daftari "ruhusa, siku 4." Mwaka unapokwisha karani anasoma daftari, anaona ruhusa yenye malipo iliyoombwa na mfanyakazi mwenyewe, anazitoa siku nne katika 28, zinabaki 24. Karani hakuiba, bali amelitafsiri neno aliloliona. Mfanyakazi naye anasema ameibiwa, na kwa sheria madai yake yana msingi. Kitu kilichowagombanisha ni neno moja katika daftari. Laiti lingeandikwa "likizo ya msiba", pasingekuwa na mgogoro wa kusuluhisha.

Nani ni Ndugu?

Istilahi ya pili yenye hatari ni ndugu. Sheria ya Kiingereza ina neno linalowataja waliozaliwa na mzazi mmoja, wa kike kwa wa kiume, na hakuna zaidi ya hao. Tukilitafsiri kwa neno "ndugu" peke yake, tumeifungua milango ambayo mtunga sheria aliifunga. Katika Kiswahili, na katika desturi za Wapare na majirani zao, mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu. Baba mkubwa mwenyewe ni baba. Aliyemzika baba yake mdogo atasema kwa kinywa kinyofu kwamba amemzika mzazi. Mwajiri atauliza, "Wewe una baba wangapi?" Swali hilo ni tusi kwa mfiwa, na ugomvi utakaofuata hautakuwa wa siku nne tena.

Kazi ya mtaalamu wa istilahi hapa haiwi kuwafundisha Wapare ukoo wao. Wala haiwi kuibadili sheria, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Bunge. Kazi yake ni kuandika kwa namna ambayo msomaji atajua mpaka uko wapi kabla hajapanda mlima. "Ndugu wa baba mmoja au mama mmoja" ni maneno marefu, lakini hayamdanganyi mtu. Na "mzazi" yafaa yaandikwe "baba au mama mzazi". Waliobaki nje ya mpaka huo ndio wanaostahili ile ruhusa tuliyoitaja, yenye kupunguza likizo ya mwaka, na mfanyakazi aichukue akijua bei yake.

Usuluhishi wa Nani?

Tumefika katika kiini cha makala haya. Mgogoro umekwisha zuka, upelekwe wapi? Jibu la kila mtu ni "kwenye usuluhishi". Lakini neno hilo limepewa mambo manne yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni suluhu ya kazini au ya nyumbani, ambapo kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, mnyapara mwenye busara au mzee wa ukoo huwaketisha wagombanao. La pili ni kazi ya Mabaraza ya Usuluhishi ya Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo, isipokuwa kwa sababu maalumu, hayana budi kupitiwa kabla ya kudai talaka mahakamani. La tatu ni hatua ya kwanza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, na kuanza kazi mwaka 2007. La nne ni la ajabu. Magazeti na redio zetu huiita mahakama ya kimataifa ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, "Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo", ingawa mahakama hiyo husikiliza ushahidi na kutoa uamuzi unaowafunga wote wawili, wapende wasipende. Mshabiki wa kandanda asikiaye kwamba "usuluhishi" umeinyang'anya timu yake pointi, ataamini vipi kwamba usuluhishi wa Moshi hautamnyang'anya kazi?

Na kabla ya hayo kuna historia. Sheria ya mwaka 1964 iliyohusu usalama wa ajira iliunda Kamati za Wafanyakazi katika sehemu za kazi, na juu yake mabaraza yaliyopewa jina la usuluhishi. Mabaraza hayo yalipopelekewa shauri la aliyefukuzwa kazi, yaliamua. Yaliweza kukubali afukuzwe au kuagiza arudishwe, na asiyeridhika alipeleka shauri kwa Waziri. Kwa hiyo kwa miaka mingi mfanyakazi wa Tanzania alifundishwa na vyombo vyenyewe kwamba usuluhishi ni mahali pa kushinda au kushindwa. Sheria hiyo imefutwa, lakini maana iliyopandwa katika vichwa vya watu haifutwi na Bunge. Wazee walioufanya mkonge enzi za NUTA na JUWATA ndio wanaowashauri wajukuu wao leo.

Usuluhishi wa Tume una tabia yake. Msuluhishi hana mamlaka ya kumlazimisha mtu. Yasemwayo mbele yake ni siri. Ana siku 30 za kuzisaidia pande mbili zipatane, isipokuwa zenyewe zikubali kuongeza muda. Wakipatana, mapatano huandikwa na kutiwa saini, na yaweza kutekelezwa kisheria. Wasipopatana, ndipo shauri huendelea kwa mwamuzi au katika Mahakama Kuu, upande wa kazi. Mtu asiyeyajua hayo hukosea kwa njia mbili. Mmoja huogopa kusema ukweli, akidhani kila neno lake litakuwa ushahidi. Mwingine hukataa kila pendekezo, akingoja "hukumu" ambayo haitatolewa pale.

Kosa la tatu ndilo linaloumiza zaidi, nalo ni la saa. Kanuni za Tume za mwaka 2007 zinataka mgogoro wa kufukuzwa kazi upelekwe katika siku 30, na migogoro mingine, pamoja na ya likizo, katika siku 60 tangu ilipozuka. Turudi kwa yule mkata mkonge wetu. Anaambiwa na karani, "Shauri lako liko kwenye usuluhishi." Naye anatulia, kwa sababu amesikia redioni kwamba sheria inataka usuluhishi kwanza. Kumbe usuluhishi ulio katika ulimi wa karani ni kikao cha msimamizi na kiongozi wa tawi, kilichoahirishwa mara mbili kwa ajili ya msimu. Siku 60 zinapita. Anapofika Moshi anaulizwa mbona amechelewa. Aweza kuomba aongezewe muda kwa kutoa sababu nzuri, lakini sasa ana mashauri mawili badala ya moja, na la kwanza ni kueleza kwamba alidanganywa na neno ambalo hakuna mtu aliyelisema kwa nia ya kudanganya.

Hapa ndipo pa kuleta upatanishi. Wako wasemao kwamba neno hilo lichukue nafasi ya usuluhishi kila mahali, kwa kuwa ni la Kibantu na linaeleweka: pata, patana, patanisha. Sikubaliani nao kabisa. Kupatana ni pia kukubaliana bei sokoni, ambapo kila mmoja hupunguza kidogo. Haki ya siku 28 ni sakafu. Haipatanwi ikawa 20. Kinachoweza kupatanwa ni lini mfanyakazi ataondoka, na malimbikizo yatatolewa kwa awamu gani, nayo ndiyo mambo yanayofaa kumalizwa palepale kazini. Kwa hiyo nashauri maneno yote mawili yatumike, kila moja kwa ngazi yake. Upatanishi uwe wa kazini, kati ya watu wanaojuana, usio na saa ya sheria. Usuluhishi uwe wa Tume, mbele ya msuluhishi aliyeteuliwa, baada ya fomu kujazwa na kupokelewa. Karani akisema, "Shauri lako liko kwenye upatanishi," mfanyakazi atajua kwamba saa bado inakwenda.

Atatokea wa kupinga: "Watu wetu husema suluhu nyumbani tangu zamani, nani atawakataza?" Hakuna wa kuwakataza, na wala haifai. Baraza halitawali vinywa vya watu. Linaweza kushauri juu ya fomu, matangazo ya ukutani, mikataba na barua. Na katika migogoro ya likizo, ugomvi huanzia katika karatasi.

Uamuzi na Tuzo

Hatua ya mwisho imeitwa uamuzi, na kinachotolewa mwishoni mwake kimeitwa tuzo. Neno la kwanza ni pana mno. Msimamizi anapokataa likizo ametoa uamuzi. Hakimu ametoa uamuzi. Refa uwanjani ni mwamuzi. Tusisahau hata hivyo kwamba -amua lina uzuri wake, kwani maana yake ya asili ni kuwatenganisha wapiganao. Tatizo ni kwamba tumelitumia umbo moja kwa tendo na kwa matokeo yake.

Lugha yenyewe imekwisha tupa dawa. Tunasema usuluhishi kwa tendo, msuluhishi kwa mtendaji, na suluhu kwa matokeo. Kwa mpango huohuo tunaweza kuwa na uamuaji kwa tendo, mwamuzi kwa mtendaji, na uamuzi kwa matokeo. Neno uamuaji litakuwa geni masikioni kwa miezi michache tu, kwa kuwa umbo lake ni la kawaida: uandishi na uandikaji, utunzi na utungaji.

Kuhusu tuzo, kosa ni dhahiri. Tuzo hutolewa kwa mwanafunzi bora na kwa mwimbaji aliyependeza. Mfanyakazi akipewa habari kwamba "tuzo yako imetoka", atafurahi njia nzima hadi Moshi, na huko atasomewa kwamba madai yake yametupwa. Neno linaloahidi zawadi halifai kumtangazia mtu kushindwa. Tukiwa na uamuaji kwa tendo, uamuzi utatosha kwa matokeo.

Mapendekezo

Kwa kifupi, naliomba Baraza lifikirie yafuatayo:

(a) Likizo itumike kwa haki iliyotajwa katika sheria peke yake, na kila mara ifuatane na sifa yake: likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya msiba.

(b) Ruhusa ibaki kwa kibali cha hiari ya mwajiri, na katika fomu iandikwe kama ina malipo na kama itapunguza likizo ya mwaka.

(c) Katika maandishi ya kazi, "ndugu" na "mzazi" yafafanuliwe kama tulivyoeleza.

(d) Upatanishi uwe wa ndani ya sehemu ya kazi. Usuluhishi uwe wa chombo cha sheria kisichotoa hukumu. Vyombo vyenye kuamua, hata vya michezo, visiitwe vya usuluhishi.

(e) Uamuaji, mwamuzi na uamuzi vichukue nafasi ya mchanganyiko uliopo, na tuzo irudi kwa wenye kutuzwa.

Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Ni ushindi mkubwa, nao umeleta deni. Zamani mfanyakazi aliyekosea aliweza kusema kwamba sheria iliandikwa kwa Kiingereza. Sasa akikosea kwa sababu ya Kiswahili chetu, lawama ni yetu.

Same ina kumbukumbu yake juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi ya madaraja na kuipa jina la mbiru, neno la kale la ushuru waliopewa watawala wa jadi. Ilidhaniwa kwamba jina la nyumbani litaifanya kodi ipokewe. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, na mgogoro huo, ambao mwanahistoria Isaria Kimambo ameuandikia kitabu, haukwisha mpaka kodi hiyo ilipoachwa. Watu walijua mbiru ilikuwa nini kwa babu zao, wakakataa neno hilo livishwe kitu kingine. Wanaotunga istilahi za kazi wakumbuke kwamba wasikilizaji wao wa Same ni wajukuu wa watu hao. Mapendekezo niliyoyatoa yajadiliwe, na mwenye maneno bora zaidi ayalete, akumbuke tu kuyajaribu kwanza kwa karani na mkata mkonge kabla ya kuyaleta kwetu.